Ufunguo wa ramani: programu ya umma ifunguliwe wapi, na kwa masharti gani?

Afisa wa mipango wa kaunti amekaa mbele ya kompyuta akichora mstari wa barabara mpya. Kabla tingatinga halijaingia kijijini, anataka kujua mambo matatu: barabara itakata mashamba yapi, itapita umbali gani kutoka shule ya msingi, na ni sehemu gani itakayoingia kwenye ukingo wa mto. Anabofya, anangoja sekunde chache, na orodha inatokea. Aliye kwenye orodha huenda akalipwa fidia. Asiyekuwepo ataambiwa kwamba barabara haimhusu.

Hesabu hiyo haikufanywa na afisa. Ilifanywa na kipande cha programu kisichoonekana kwenye skrini, ambacho wataalamu hukiita maktaba. Huenda kilitengenezwa kwa kodi ya wananchi, hapa nchini au ng'ambo. Je, mkazi anayepinga orodha anaweza kumpata mtaalamu wa kuifungua hesabu hiyo na kuikagua? Na kampuni iliyoiandika ikifunga duka, kaunti itaweza kuendelea kuitumia?

Majibu hutegemea maamuzi mawili ambayo taasisi hufanya mapema, mara nyingi bila umma kujua: programu itolewe kwa leseni gani, na iwekwe chini ya ulezi wa nani. Somo hili linaeleza maamuzi hayo kwa visa viwili vya kweli, kimoja cha Kanada na kingine cha Marekani, kisha linaonyesha yanavyomhusu mkazi wa kaunti.

Maktaba isiyo na vitabu

Katika kazi ya kompyuta, maktaba ni mkusanyo wa hesabu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo programu nyingine huzitumia. Ni kama sanduku la vifaa vya seremala. Seremala hafui nyundo mpya kila anapotengeneza meza. Anachukua ile iliyomo sandukuni na kuendelea na kazi.

Maktaba ya kijiografia ina hesabu za ramani. Hupima umbali kati ya alama mbili, hupata ukubwa wa eneo, huunganisha maumbo, na hukata umbo moja kwa jingine. Chukua mfano wa mto. Kwenye ramani, mto ni mstari. Kaunti ikitaka kujua ardhi iliyo ndani ya mita 10 kutoka mtoni, maktaba huupanua mstari huo uwe ukanda, kisha huulinganisha ukanda na ramani ya mashamba, na kutoa jibu la kila shamba: limeguswa au halikuguswa, na kwa kiasi gani.

Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mipaka ya mashamba mawili jirani inapaswa kuwa mstari mmoja, lakini ikipimwa na watu wawili, siku mbili tofauti, hukaribiana bila kulingana kabisa. Hesabu dhaifu ikikutana na mistari ya namna hiyo inaweza kuacha kijipande cha ardhi kisicho cha mtu, au kushindwa kabisa kutoa jibu. Ndiyo maana si jambo dogo kwa mpima ardhi, wakili au chuo kikuu kuweza kuiona hesabu yenyewe na si jibu lake tu.

Programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiona, kuitumia, kuibadilisha na kuigawa huitwa programu huria. Maandishi ambayo mtaalamu huyaandika ili kompyuta itende kazi huitwa msimbo.

Mkoa wa Kanada na maktaba iliyosafiri

Mwaka wa 2000, serikali ya mkoa wa British Columbia nchini Kanada, pamoja na mpango wa kitaifa uitwao GeoConnections, zilitoa fedha za kutengeneza maktaba ya hesabu za ramani. Kazi ilifanywa na kampuni ya Vivid Solutions ya mji wa Victoria, na msanifu mkuu alikuwa Martin Davis. Maktaba hiyo iliitwa JTS Topology Suite, na ilitolewa kama programu huria.

Katika mji huohuo wa Victoria kulikuwa na kampuni nyingine, Refractions Research. Mwaka wa 2001 kampuni hiyo ilitoa PostGIS, programu ya kuhifadhi ramani katika ghala la data. PostGIS ilihitaji hesabu zilezile zilizokuwa ndani ya JTS, lakini JTS ilikuwa imeandikwa katika lugha ya kompyuta iitwayo Java, ambayo haikufaa kwa kazi hiyo. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, hesabu zote ziliandikwa upya katika lugha ya C++, na toleo hilo likapewa jina la GEOS.

GEOS haikubaki Victoria. Leo imo ndani ya PostGIS na ndani ya QGIS, programu huria ya kuchora na kuchanganua ramani inayotumika katika vyuo na ofisi nyingi duniani. Hivyo, ofisi yoyote ya Kenya inayofungua QGIS na kukata ramani ya mashamba kwa mstari wa barabara inatumia hesabu zenye asili yake katika mradi uliolipiwa na walipa kodi wa British Columbia.

Je, mkoa huo ulipoteza kwa kutoa bure? Maktaba yake haikupungua kwa kutumiwa na wengine. Kilichoongezeka ni idadi ya macho yanayoikagua. Mwezi wa Desemba 2020, miaka 20 baada ya kazi kuanza, matoleo mapya ya JTS na GEOS yalitoka yakiwa na njia mpya ya kukata na kuunganisha maumbo, yenye uwezo mkubwa zaidi wa kustahimili ile mipaka isiyolingana vizuri. Kazi hiyo iliongozwa na Martin Davis yuleyule. Matengenezo hayo yaliwafikia watumiaji wa kila nchi bila mtu kutangaza zabuni mpya. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Uamuzi wa kwanza: leseni

Wengi hudhani kwamba kuweka msimbo kwenye intaneti ni kuufungua. Sivyo. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda programu za kompyuta. Msimbo usio na leseni unaweza kusomwa, lakini anayeuchukua na kuutumia hana ruhusa aliyopewa na mwenyewe. Mlango uko wazi, lakini hakuna aliyekaribishwa. Ni leseni inayomwambia mgeni aingie, na inayomwonyesha mipaka yake.

Leseni za programu huria ziko nyingi, ila kwa kazi za ramani aina tatu zinatosha kueleza uchaguzi uliopo.

Ya kwanza ni leseni nyepesi, kama ile ya MIT. Inaruhusu karibu kila kitu, mradi tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki. Kampuni inaweza kuchukua maktaba hiyo, kuiingiza katika programu yake ya kuuza, na kuufunga msimbo wake. Mfano ni GDAL, maktaba ya kusoma na kubadilisha aina nyingi za faili za ramani, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka wa 1998. Kwa sababu ya leseni hiyo, GDAL inatumika katika programu huria na katika programu za kuuzwa pia.

Ya pili ni leseni ya GPL. Hii inamtaka anayebadilisha programu na kuisambaza atoe msimbo wake pia, kwa masharti yaleyale aliyoyakuta. QGIS na PostGIS hutumia leseni hii. Taasisi inayohofia kwamba mfanyabiashara atachukua kazi ya umma, aiboreshe kidogo kisha awauzie wananchi ikiwa imefungwa, huona GPL kuwa ngao.

Ya tatu, LGPL, iko katikati. Mabadiliko ya maktaba yenyewe, yakisambazwa, lazima yatolewe wazi, lakini programu inayoitumia maktaba hiyo inaweza kubaki imefungwa. JTS ilianza na leseni hii, na GEOS inaendelea nayo hadi leo.

Hakuna leseni iliyo bora kwa kila kazi. Swali la kuuliza ni hili: lengo ni nini? Ikiwa lengo ni hesabu ileile sahihi itumike kila mahali, hata ndani ya programu za kuuzwa, leseni nyepesi au LGPL inafaa. Ikiwa lengo ni kila uboreshaji urudi kwa umma, GPL inafaa. Kosa ni kuandika leseni mpya ya nyumbani. Mawakili wa taasisi nyingine hawataifahamu, na wengi wataikwepa maktaba hiyo kwa tahadhari.

Kubadilisha leseni baadaye kunawezekana, lakini si rahisi. Ni wenye hakimiliki tu wanaoweza kuibadilisha, na maktaba iliyoandikwa na watu wengi ina wenye haki wengi. Ni afadhali kuamua mapema, wakati wanaohusika bado wako kwenye meza moja.

Uamuzi wa pili: makao

Baada ya leseni huja swali la mahali. Hapa kuna vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: ghala na makao. Ghala ni mtambo wa intaneti unaohifadhi msimbo, kama GitHub. Makao ni taasisi inayoamua nani apokee marekebisho, nani atangaze toleo jipya, na nani amiliki jina.

Ghala linaweza kufungwa. Google Code, lililokuwa likihifadhi miradi mingi ya programu huria, lilifungwa mwezi wa Januari 2016, na wenye miradi walilazimika kuihamisha. Mradi wenye makao huhama ghala bila kupotea, kama familia inayohama nyumba ya kupanga. Mradi usio na makao huweza kubaki nyuma.

Njia ya kwanza ya kupata makao ni kutoanzisha mradi mpya kabisa. Ikiwa kaunti imetengeneza hesabu moja nzuri, tuseme ya kupanga vituo vya maji kulingana na umbali wa kutembea, hesabu hiyo inaweza kutolewa kama programu-jalizi ya QGIS. QGIS ina orodha rasmi ya programu-jalizi, na watumiaji wake tayari wapo. Sharti moja ni kwamba leseni ilingane na GPL ya QGIS. Kwa taasisi yenye wataalamu wachache, mara nyingi njia hii ndiyo yenye busara.

Njia ya pili ni taasisi kuwa mlezi yenyewe: kuufungua mradi kwa jina lake na kuwalipa watu wa kuusimamia. Inafaa ikiwa kuna bajeti ya kila mwaka na wafanyakazi wa kudumu. Hatari yake ni kwamba uongozi ukibadilika, au mtaalamu mmoja akihamia kazi nyingine, mradi hulala.

Njia ya tatu ni kuukabidhi mradi kwa wakfu, yaani shirika lisilo la faida linalolea programu za watu wengi. Kwa programu za ramani, unaojulikana sana ni OSGeo, ulioanzishwa mwaka wa 2006. Kabla ya kuupokea mradi kikamilifu, OSGeo hukagua msimbo umetoka wapi, leseni yake, na kama maamuzi hufanywa wazi. Mwingine ni LocationTech, ulio chini ya wakfu wa Eclipse, ambao pia huchunguza haki za msimbo kwa makini. Afrika Mashariki si mgeni katika familia hii. Mwezi wa Agosti 2018, mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam.

JTS yenyewe ilipitia uhamisho wa namna hiyo. Kwa miaka mingi iliendelezwa na Martin Davis kama mradi unaojitegemea. Kuanzia mwishoni mwa 2016 na kuingia 2017 ilipokelewa na LocationTech, na leseni ikabadilishwa kuwa leseni mbili za Eclipse, moja kati yake ikiwa nyepesi. Lakini kulikuwa na gharama ambayo wachache waliitarajia mwanzoni. Jina la Vivid Solutions lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, mahali ambapo kila programu inayoitumia JTS ililazimika kulitaja. Jina hilo lilipobadilishwa kuwa la LocationTech, kila mwenye programu alilazimika kurekebisha msimbo wake. Funzo lake ni jepesi: usiandike jina la mwanakandarasi au la idara katika kitu kinachotarajiwa kuishi kuliko kandarasi.

Jeshi lilipoondoka

Kisa cha pili kinaonyesha kwa nini leseni na makao lazima viende pamoja. Mwaka wa 1982, maabara ya utafiti wa ujenzi ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, katika jimbo la Illinois, ilianza kutengeneza GRASS, programu ya kusimamia ardhi ya kambi za jeshi. Kwa sheria ya Marekani, kazi ya watumishi wa serikali kuu haina hakimiliki nchini humo. Hivyo vyuo vikuu na idara nyingine ziliitumia GRASS bila kizuizi.

Katikati ya miaka ya 1990, maabara hiyo iliacha kuiendeleza GRASS kwa ajili ya umma. Watumiaji walikuwa na msimbo na walikuwa na haki, lakini hawakuwa na makao. Aliyegundua kosa hakujua ampelekee nani. Mwishoni mwa muongo huo, Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, kilichukua kazi hiyo, kisha kikundi kilichoongozwa na Markus Neteler katika Chuo Kikuu cha Hannover, Ujerumani. Mwaka wa 1999 GRASS iliwekwa chini ya leseni ya GPL, na mwaka wa 2006 ikawa kati ya miradi iliyoanza na OSGeo. Ingali inatengenezwa hadi leo, zaidi ya miaka 40 tangu ianze.

Kama programu hiyo ingekuwa imefungwa, siku jeshi lilipoondoka ndiyo ingekuwa siku ya mwisho. Haki iliiokoa isife. Makao yakaiwezesha kukua.

Kabla ya kufungua mlango

Taasisi inayotaka kufungua maktaba yake hufuata hatua hizi:

1. Kuthibitisha mmiliki. Mkataba na mwanakandarasi useme wazi hakimiliki ni ya nani, na kama kuna vipande vilivyochukuliwa kwingine.

2. Kutenganisha programu na data. Kufungua hesabu si kufungua rejista. Majina ya wenye mashamba, nambari za simu na nambari za vitambulisho hazihusiki, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

3. Kuondoa siri. Nywila na anwani za mitambo ya ndani huachwa ndani ya msimbo kwa kusahau. Msimbo hutunza historia yake, kwa hiyo kufuta nywila katika toleo la mwisho hakutoshi, nayo lazima ibadilishwe.

4. Kuandika maelezo na majaribio. Mgeni aweze kuisakinisha maktaba bila kumpigia mtu simu, na aweze kuhakikisha kwamba jibu lake ni sawa na la mwenye maktaba.

5. Kumteua msimamizi na kutenga fedha. Bure si sawa na bila gharama. Hata GDAL, inayotumiwa na kampuni tajiri, ilitegemea kwa miaka mingi juhudi za watu wachache. Ni mwaka wa 2021 ndipo mpango wa ufadhili wa pamoja ulipoanzishwa kupitia shirika la NumFOCUS ili wasimamizi walipwe.

Mkazi anahusikaje?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012, kifungu cha 110, inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya nafasi wa miaka 10 unaotegemea mfumo wa taarifa za kijiografia, GIS. Maana yake ni kwamba barabara, zahanati, masoko na maeneo ya kuhifadhiwa hupangwa kwa programu za ramani, na kwamba mpango mmoja unaweza kudumu kuliko muhula wa uongozi na kuliko kandarasi nyingi. Programu ikiwa ya kukodi na msimbo wake umefungwa, ada isipolipwa kaunti inaweza kujikuta na ramani isiyofunguka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ujuzi wa kufungua programu uko nchini. Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilitengenezwa kwa ajili ya Kenya mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Msimbo wake ulifunguliwa, na mwaka wa 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Si lazima mkazi ajue kuandika msimbo ili ashiriki. Katika vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti au mpango wa matumizi ya ardhi, anaweza kuuliza maswali haya:

- Programu inayonunuliwa au kutengenezwa, hakimiliki yake itakuwa ya nani mkataba ukiisha?
- Ramani zitahifadhiwa katika aina ya faili inayoweza kufunguliwa na programu nyingine?
- Je, kuna programu huria inayofanya kazi hiyo tayari, ili fedha zitumike kuiboresha badala ya kuanza upya?
- Kama msimbo utafunguliwa, ni kwa leseni gani, na nani ataulea?
- Mkazi akipinga matokeo ya hesabu ya ramani, mtaalamu wake ataruhusiwa kuikagua?

Swali la mwisho ndilo linalomrudisha msomaji kwa afisa na barabara yake. Mwenye shamba aliyeachwa nje ya orodha hahitaji kuambiwa kwamba kompyuta imesema. Anahitaji kuonyeshwa ilivyohesabu. Hilo linawezekana pale tu ambapo, miaka mingi kabla ya barabara kuchorwa, mtu aliamua msimbo uwe wazi, akauandikia leseni, na akautafutia makao.